Daktari wa Ndege

Mjini Bariadi walimwita Daktari, na jina hilo lilimsumbua kuliko yote aliyowahi kupewa. Daktari alikuwa kweli, lakini wa shahada, si wa sindano. Nani atasimama dukani akusikilize ukieleza tofauti hiyo? Siku niliyohamia nyumba ya walimu iliyopakana na yake, nilimkuta mama mmoja amekaa kizingitini kwake na mtoto mwenye homa mgongoni. Daktari alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, anamweleza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, kwamba yeye hajui dawa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa, Daktari. Lakini si unipe hata kidogo?"

Daktari akaingia ndani, akavaa viatu, akafunga mlango. Akamsindikiza yule mama kwa miguu mpaka hospitali, akakaa naye kwenye foleni hadi mtoto akaonwa. Jioni nilipokwenda kujitambulisha, alinikaribisha kwa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga, akaniambia, "Udaktari wangu umeuona. Mimi ni daktari wa kusindikiza."

Kwao Bukundi, huko Meatu, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yake, mzee wa ng'ombe na mtama ambaye hakuwahi kukaa darasani, alipomuuliza bintiye ni daktari wa nini, alijibiwa kwa simu, "Wa ndege, mayu," yaani mama. Mama akafurahi. Akawatangazia majirani. Basi likizo ya kwanza Daktari alipokwenda nyumbani, alikuta watu wamejaa uani na vikapu: kuku wenye mdondo, kanga aliyevunjika mguu, bata asiyetaka kula. Hakuwafukuza. Alirudi mjini akanunua chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni, na toka hapo kila likizo alikwenda nayo. Kuku wa pale kijijini wakaacha kufa ovyo. Hilo ndilo jambo pekee la kitaalamu ambalo kijiji chake kilimshukuru kwalo, na kila alipolisimulia alicheka, halafu akanyamaza katikati ya kicheko kama mtu aliyesahau alichokuwa akifuata chumbani.

Alichosomea hasa alinieleza kwenye chumba cha walimu, siku ya mvua, wanafunzi wakiwa kwenye mtihani. Mimi nafundisha Kiswahili. Kwenye kemia ni mjinga kabisa. Alisema injini ya ndege ni jiko ambalo moto wake unaweza kulainisha chuma chenyewe kilicholibeba. Na pembeni mwa jiko hilo zinapita nyaya, mabomba ya mafuta, mipira. Lazima kuwe na kitu katikati. Na kitu chochote unachokiweka kwenye ndege kiwe chepesi, maana hakuna cha bure angani. Kila uzito unabebwa.

"Sasa kitu gani chepesi kinazuia moto?" aliniuliza.

"Maji," nilisema.

"Maji ni mazito, Mwalimu. Hewa. Hewa iliyofungwa ikatulia." Akaniambia kuhusu erojeli: kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa, chenye matundu madogo mno hivi kwamba hewa iliyomo haiwezi kutembea ikabeba joto upande wa pili. Ng'ambo, katika nchi ya baridi ambayo hakupenda kuitaja jina, alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara iliyotafuta erojeli ya kuzungushia injini. Ile ya kawaida, ya kioo, hunywea joto likizidi sana. Matundu yake yanajifunga na kazi yake inaishia hapo. Wao walitaka isiyonywea.

Kipande kimoja alikuwa nacho. Alikitunza kwenye kopo la pipi, kwenye pamba, kikubwa kama nusu mche wa sabuni. Kilikuwa na weupe wa kibuluu, unakiona na hukioni. Mama yake alipokitazama mara ya kwanza alisema ni jicho la ng'ombe mzee, na kweli, ukimtazama ng'ombe aliyeanza kupofuka utauona weupe uleule. Kilipowekwa kiganjani mwangu nilifumba macho, sikujua kama kipo.

Kila mwaka alikitoa mara moja, kwa kidato cha tatu. Aliwasha jiko la gesi la maabara, akaweka kile kipande juu ya mwali, na juu yake akaweka tumba la pamba lililotoka shambani. Hapa kwetu kila mtoto anajua pamba na cheche. Wameona magunia yakiteketea kwa kipande cha sigara. Darasa zima lilijibana ukutani. Pamba ikakaa. Haikubadilika hata rangi. Wanafunzi wakapiga meza, wakataka kukishika, na yeye hakuwahi kuwakatalia, ingawa kila walipokishika kilimeguka pembe. Kikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka likabaki vumbi chini ya kopo.

"Kitu chepesi ndicho kigumu kukibeba," alisema siku alipolimwaga.

Alirudi nchini kumzika baba yake, na begi dogo la mkono. Hakukusudia kukaa. Akiwa bado kwenye matanga, maabara ikamwandikia kwamba mradi umesimamishwa, na mkataba wake haukuongezwa. Bila kazi hakuwa na kibali cha kuishi kule. Bila kibali hakuweza kurudi kutafuta kazi. Aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Koti lake la baridi, aliniambia, lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba alichopanga, labda na funguo mfukoni. Akaomba kazi ya ualimu Bariadi kama mtu anavyokaa kwenye benchi la stendi, huku jicho likiwa barabarani.

Mama yake alimuuliza kila msimu wa kulima, "Utaondoka lini, mwanangu?"

"Mwaka huu, mayu."

Huyu mwanamke, ambaye aliwahi kumrudia muuza duka kwa sababu mizani yake ilizidisha kwa faida yetu, alimdanganya mama yake kila msimu wa kulima. Nadhani mwanzoni hakuwa anadanganya.

Alikuwa na mambo yake. Msomi wa joto, na hakuweza kupika ugali usiungue. Ukoko wa sufuria yake ungeezekea nyumba. Alihesabu kwa kichwa unene wa kinga ya injini, lakini aliogopa kupanda ndege. Alipoitwa Dar kwenye usaili, alipanda basi, akafika miguu imevimba. "Najua kilichomo ndani," alisema nilipomcheka. "Wewe unapanda kwa sababu hujui." Alichukia kuitwa Daktari mtaani, ila karatasi ya ofisini ikiandika jina lake bila cheo, aliirudisha kwa karani na kalamu mkononi. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa ajili ya upepo. Jua la saa nane lilimuumiza kichwa. Alizaliwa kwenye jua hilo, lakini mwili wake ulikuwa umehama na haukurudi naye.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Joto haliuawi. Linacheleweshwa." Aliwaambia wanafunzi, akawaambia wazazi, aliwahi hata kumwambia padri aliyekuwa akihubiri juu ya moto wa milele. Kwamba hakuna kinga duniani inayozuia moto kabisa. Kinga nzuri ni ile inayochelewesha hadi safari iishe, ndege itue, injini izimwe. Nilidhani ni maneno ya darasani tu. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anazungumzia maisha yake.

Kwa maana alikuwa ameamua kwamba njia ya kurudi ni moja: atengeneze mwenyewe, hapahapa, ile ambayo maabara ilishindwa kuipata. Na hakuanza kwa kuota ndoto. Pumba za mpunga, yale maganda yanayotupwa nje ya mashine za kukoboa, zina malighafi ya kioo ndani yake. Ukizichoma vizuri unapata jivu jeupe. Hilo alilijua tangu chuoni. Na pumba Simiyu zimejaa hadi watu wanazichomea matofali.

Basi akaanza. Aliziosha kwa maji ya betri kutoka kwa mafundi magari, akazichoma kwenye pipa, akalichemsha jivu kwa ile soda kali ya watengeneza sabuni, akapata uji mzito unaong'aa. Uji huo aliugandisha ukawa kama mlenda uliolala. Hapo ndipo kazi ilipoanza, alisema, kwa sababu mlenda ule umejaa maji, na maji yakikauka yenyewe yanavuta kuta za matundu, kila kitu kinasinyaa na kupasuka. Lazima uyatoe maji kwa hila. Uyabadilishe kwanza na spiriti, kisha uikaushe spiriti ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, kwa moto na mgandamizo, isipate nafasi ya kuvuta.

Spiriti safi ya maabara haikupatikana kirahisi. Gongo ilipatikana. Daktari akawa mteja mkubwa wa wapika gongo, ananunua madumu na kuichuja upya nyumbani kwake, na mtu asiyeonja hata bia harufu yake ikawa ya kilabu. Askari walimkamata mchana kweupe akiwa na dumu kwenye baiskeli. Mimi na mkuu wa shule tulikwenda kituoni, tukamkuta anamchorea askari wa zamu matundu ya erojeli kwenye kipande cha boksi.

"Daktari," askari alisema kwa heshima kabisa, "wote tunaowakamata na gongo huwa na maelezo. Lakini ya kwako hatujawahi kuyasikia."

Wakamwachia kwa onyo, wakaimwaga gongo. Tukacheka njia nzima. Ila kwenye jumuiya ya kanisa wanawake walianza kumnusa kabla ya kumsalimia, na uenyekiti aliokuwa nao wakampa mwingine. Hakulalamika. Aliendelea kwenda, anakaa mwisho wa mkeka.

Chombo cha chuma alitengenezewa na fundi wa kuchomelea pale karibu na stendi, kutokana na tangi la upepo la lori bovu. Alikifunga kwenye stoo ya shule. Jumamosi moja, watoto wakiwa shambani, kifuniko kilifyatuka. Mlio huo ulisikika mpaka sokoni. Nilipofika, kulikuwa na tundu kwenye bati, mwanga wa jua umeingia kama mkuki, na Daktari amekaa sakafuni, vumbi jeupe kichwani, anatabasamu kwa sababu hakuwa ananisikia. Sikio la kushoto halikurudi. Tangu hapo nilijizoeza kukaa kulia kwake. Mkuu wa shule akapiga marufuku, na alikuwa na haki. Angejibu nini kama wangekuwepo watoto? Daktari akahamishia kila kitu kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, akaanza upya.

Sasa nisimulie siku ile.

Alikuwa ameshajifunza kuchanganya jivu la pumba na chumvi aliyoipata kwa kuyeyusha sufuria mbovu za aluminiamu kwenye maji ya betri, maana kioo peke yake kingenywea kwenye joto la injini, bali kikichanganywa na hiyo kinaweza kuvumilia. Alitengeneza vipande vingi, vingi mno. Vilitoka vimepasuka kama ardhi ya kiangazi, au vikatoka vizima na kunywea kwenye moto. Lakini mwaka mmoja wa ukame, kutoka kwenye gunia la pumba alilolinunua upande wa Sola, kilitoka kipande kimoja kizima, kipana kama kitabu, cheupe kuliko kile cha ng'ambo. Alikuja kunichukua nikiwa nasahihisha madaftari. Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Alikisimamisha kile kipande kati ya matofali mawili. "Washa gesi," alimwambia fundi. "Shika mwali hapa, mbali kidogo. Usiusogeze mpaka nikuambie."

Fundi akashusha miwani. Uso wa kile kipande ukawa mwekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu rangi ambayo sikuweza kuitazama. Daktari akazunguka nyuma, akapeleka kiganja chake taratibu mpaka kikagusa.

"Daktari, utaungua!" fundi alipiga kelele.

"Usiusogeze."

Akaacha kiganja pale. Mimi nilimtazama uso, sikuutazama mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, na midomo inatetemeka, nikajua anaungua na ananyamaza kwa ukaidi. Nikaruka nikamvuta. Kiganja kilikuwa kizima. Kilikuwa na uvuguvugu, kama cha mtu aliyetoka kushika kikombe cha chai.

"Haikunywea," aliniambia. "Mwalimu, umeona? Haikunywea."

Alimwandikia baruapepe profesa wake wa zamani wa ile maabara ya ng'ambo siku hiyohiyo, na yule mzee alijibu kwa furaha ya kweli, nilisomewa. Alisema wana tanuru la kupimia, alete. Daktari alikifunga kile kipande kwa pamba mbichi, safu juu ya safu, akakitia kwenye kopo la maziwa, kopo kwenye boksi, boksi kwenye boksi jingine. Alilisindikiza kwa basi mpaka Mwanza, amelipakata. Wakati wa kusubiri jibu alinunua sanduku la nguo. Nilimkuta analifungua na kulifunga zipu.

Kipande kilifika unga. Profesa alisikitika sana. Alisema unga huo hauwezi kupimwa kama kinga, lakini kwa macho unaonekana wa ajabu. Tuma kingine.

Tuma kingine. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyommaliza, sio kukataliwa. Kama wangesema haifai, angelia wiki mbili akaendelea kufundisha. Alifuata hatua zilezile, vipimo vilevile, na hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Kikapasuka. Akarudia. Kikanywea. Alirudi Sola kutafuta pumba zilezile. Mashine ile ilikuwa imefungwa, mwenyewe kahamia kwingine, na mpunga wa mwaka wa mvua haukuwa kama ule wa mwaka wa ukame. Alichoma kwa moto mdogo, akachoma kwa moto mkali. Alichoma asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Vumbi la jivu lilikaa kwenye mapazia yake, kwenye unga wake wa ugali, kwenye kope zake. Nilimwambia afunge kitambaa puani. Alifunga. Kitambaa kile kikawa cheupe ndani na nje.

Nilikuwa namtazama akizeeka kupitia ua wa michongoma. Wanafunzi aliowafundisha wakawa walimu wenzake. Profesa akaacha kujibu. Mwishoni akajibu kijana fulani ambaye Daktari hakumjua, kwa adabu, kwamba Profesa amestaafu, maabara imegeukia kazi nyingine, asante kwa kutuandikia. Alinionyesha simu, akasema, "Hakuna tena mtu wa kumtumia." Kesho yake alfajiri nikasikia pipa linasukumwa. Alikuwa anachoma pumba.

Nilimuuliza, kwa ukali kidogo, "Dada, sasa hii unamtengenezea nani?"

Alifikiri. "Nataka nijue tu kama siku ile ilikuwa kweli."

Kikohozi kilianza kama vikohozi vyote. Walimpa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, wakampa tena. Hakuwa na kifua kikuu. Mwanza ndiko walikompiga picha, na daktari, huyu wa sindano, akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi mgodini. Mapafu yake yalikuwa na makovu ya vumbi, kama ya wachimbaji. Daktari wangu alielewa kabla hajamaliziwa. Jivu la pumba likichomwa kwa moto mkali mno hubadilika, likawa kama unga wa vioo. Alikuwa akiwafundisha hilo kidato cha nne. Njia nzima ya kurudi Bariadi alitazama nje ya dirisha, na tulipofika Lamadi alisema bila kugeuka, "Hata kwenye erojeli ilikuwa haifai, ile iliyochomwa sana. Nilijua. Nilikuwa najaribu tu kila kitu."

Alistaafu kwa ugonjwa, akarudi Bukundi kwa mama yake. Mimi nilihamishiwa Maswa, nikapata nyumba Binza. Tulipigiana simu, simu zake zikawa fupi, kisha zikawa ujumbe, kisha salamu za kupitia kwa watu.

Safari yangu ya mwisho kwenda kwake ilikuwa kiangazi. Kabla ya kwenda nilikuwa nimepata habari kwamba ile mashine ya Sola imefunguliwa tena na mtoto wa mwenyewe, na mpunga wa mwaka huo, kwa ukame uliokuwepo, ulitoka kwenye mabonde yaleyale. Sijui nilifikiri nini. Nilinunua gunia la pumba, nikalipandisha kwenye buti la basi, na watu wakanitazama: mwalimu mzima anasafirisha makapi.

Niliingia uani nikapiga hodi, nikamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Mama yake alikuwa amepinda, lakini anatembea. Daktari alikuwa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, amekalia miguu, amelalia mbele juu ya ndoo iliyopinduliwa yenye mto, kwa sababu alipolala chali hakupata pumzi. Mabega yalikuwa yanafanya kazi ya mapafu. Alinitambua, akanyoosha mkono. Ulikuwa mwepesi mno.

Nilimfungulia gunia. Niliona aibu hata kabla sijasema. "Za Sola," nilisema. "Mashine ileile. Mabonde yaleyale."

Alitia mkono ndani, akachota, akaziacha zimwagike kati ya vidole. Kwa muda mfupi sana uso wake ulirudi; nilimwona yule wa kwa fundi. Kisha vumbi likapanda, akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha kumaliza. Mama yake alikuja akalivuta gunia, akalipeleka nyuma ya nyumba, nikasikia linaburuzwa chini.

Alipopata pumzi alisema, neno moja moja, "Hata zingekuwa... zenyewe... nani angepokea?"

Nilimpangusa mdomo.

Baadaye nilimsaidia mama kuchota maji kwenye mtungi. Aliniwekea mkono begani, akanitazama kwa macho yake yaliyoingia ukungu.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa shule. Atapona?"

"Mungu anajua, mayu."

"Mungu nimemuuliza," alisema. "Nakuuliza wewe."

Kibuyu kilikuwa kinadondosha maji miguuni mwetu. "Hapana, mayu," nilisema. "Hatapona."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia. "Wabeja," aliniambia. Ahsante. Kisha akaubeba mtungi, hakutaka nimsaidie, akaenda kuwaita ndama.

Nilirudi kwenye mkeka. Ndoo ilikuwa imemwachia alama nyekundu kwenye mikono, na alikuwa anahangaika kugeuka. Nikamwuliza akae vipi. Akaashiria mgongo. Nikakaa nyuma yake, nikamgeuzia mgongo wangu, akajiegemeza taratibu, mgongo kwa mgongo, mpaka uzito wake wote ukawa kwangu. Haukuwa uzito wa kusema. Nilisikia kila pumzi yake kupitia mifupa yangu: inapanda, inakwama, inatafuta pa kupita, inashuka.

"Hapo," alisema. "Usitikisike."

Jua lilikuwa limelala kwenye zizi. Pumzi zake zikaanza kufuatana, zikaacha kukimbizana. Sijui kama alisinzia. Basi la mwisho la kurudi Maswa likapiga honi barabarani, likasubiri, likapiga tena kwa sababu dereva alijua kwamba nipo.

"Nenda," alisema nyuma yangu.

Sikumjibu, maana kusema kungenitikisa mgongo.